Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kazi Kuhusu Umri wa Pensheni

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Kupandishwa kwa umri wa pensheni na hali ya wafanyakazi wenye umri mkubwa

Nakuandikia nikiwa na miaka 58, nguvu za kufanya kazi ninazo, kazi sina. Nimeisikia hoja ya kupandisha umri wa pensheni ya serikali na sikusudii kuibeza, kwa kuwa hesabu zake nazielewa: watu wanaishi miaka mingi kuliko walivyoishi babu zao, katika nchi nyingi watoto wanaozaliwa wanapungua, na mara nyingi mstaafu wa leo hulipwa kwa michango ya aliye kazini leo. Uingereza ilifikia miaka 66 kwa wanaume na wanawake mwaka 2020. Ufaransa ilipitisha sheria ya kutoka 62 kwenda 64 mwaka 2023, barabara zikiwa zimefurika waandamanaji, na China ilianza kupandisha umri wake kidogo kidogo mwaka 2025.

Ninachokuomba ukitazame ni kwamba sheria ikishapandisha umri wa kulipwa pensheni, umri ambao waajiri huacha kumtaka mtu hubaki palepale. Katikati hapo kuna miaka ambayo mtu amekwisha kuitwa mzee na mwajiri, ilhali serikali inamwambia bado ni kijana.

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Watatu walioketi mbele yangu walinipokea kwa heshima kubwa, wakaniuliza maswali mawili ya kitaalamu, nikayajibu. Kisha mmoja wao akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, akaifunika kalamu yake na kuniuliza kwa upole, "Mzee wangu, hujafikiria kupumzika?" Barua ya kunikataa ilisema wamempata mwenye sifa zaidi. Neno umri halikuwamo, na kwa kawaida haliwekwi, ndiyo maana sheria inayomtaka mlalamikaji alete ushahidi wote mwenyewe humsaidia mwajiri kuliko inavyomsaidia yeye. Marekani ina sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa miaka 40 na zaidi tangu mwaka 1967, na hata huko malalamiko hayajaisha.

Walio kazini nao husukumwa nje taratibu. Jina huondolewa kwenye orodha ya wanaopelekwa mafunzoni, kwa madai kwamba "huyu anakaribia kustaafu", kisha baada ya miaka michache mtu huyohuyo anaambiwa kuwa hajui mfumo mpya wa kompyuta na hivyo nafasi yake inafutwa. Pendekezo Namba 162 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1980, lilikwisha kutaka wafanyakazi wa umri huu wapewe fursa sawa, mafunzo yakiwemo.

Kuna pia wale ambao mwili wao ndio kifaa cha kazi. Namfahamu fundi mwashi aliyeanza kubeba zege akiwa na miaka 17. Siku hizi hushuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa sababu magoti hayakubali tena kushuka kwa mbele. Kumwongezea huyu miaka miwili si sawa na kuniongezea mimi niliyekaa mezani, na mara nyingi wa namna yake ndio wasioishi muda mrefu wa kuifaidi pensheni waliyoichangia. Mkataba Namba 128 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1967, unataka pale umri wa pensheni unapokuwa miaka 65 au zaidi, upunguzwe kwa wanaofanya kazi ngumu au zenye kudhuru afya. Sioni sababu ya muswada wako kulikwepa jambo hilo.

Taarifa nayo ina uzito wake. Wanawake wa Uingereza waliozaliwa miaka ya 1950 walipandishiwa umri kwa sheria ya mwaka 1995, lakini wengi wanasema walijua wakiwa wamebakiza muda mfupi tu, wengine wakiwa wamekwisha kuacha kazi. Mwaka 2024 msuluhishi wa malalamiko ya umma alikuta kwamba serikali haikuwajulisha ipasavyo.

Kwa hiyo naomba umri usipandishwe hata kwa mwezi mmoja kabla mwajiri hajalazimishwa kisheria kueleza kwa maandishi kwa nini amemkataa au kumpunguza mtu aliyevuka miaka 50, na kabla wa kazi za sulubu hawajawekewa umri wao. Anayeachishwa kazi akiwa amebakiza miaka michache alipwe sehemu ya pensheni yake mapema, bila kukatwa kiasi cha kumwadhibu. Gharama itakuwepo, sikatai. Kwa sasa gharama hiyo inalipwa na watoto wetu, ambao nao wanatakiwa wachangie mfuko.

Nimeandika hadharani na ningependa unijibu hadharani.

Wako,
Mfanyakazi asiye na kazi, mwenye umri wa miaka 58