Rehema, usilipe bado hiyo deki

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako na huyo muuzaji anayekupigia simu kila siku kukuambia kuna mteja mwingine. Mwache apige. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kama nimekuelewa, mambo yako hivi: deki ya kwanza ya kanda za VHS ina hedi sita (vile vichwa vinavyosoma na kuandika kwenye utepe), ina Hi-Fi ya sauti, rimoti yake ipo, haina hata mkwaruzo, na picha aliyokuonyesha ilikuwa "kama kioo". Ya pili imechubuka pembeni, hedi nne, rimoti hakuna, bei yake nusu ya ile. Unataka nikuchagulie.

Siwezi kukuchagulia kwa maneno. Ila hilo la "kama kioo" limenikaa vibaya. Hebu niambie, ile kanda aliyokuwekea ilirekodiwa kwenye deki gani?

Nauliza kwa sababu niliwahi kuingia mkenge hapohapo. Niliwekewa mechi ya mpira, majani ya kijani kibichi, namba za jezi zinasomeka, nikatoa pesa huku nacheka. Nafika nyumbani naweka kanda ya mahafali ya dada, na mkanda mpana wa chenga unakatiza katikati ya uso wake. Nikibonyeza trekingi, kitufe cha kulinganisha hedi na mistari ya utepe, unapanda mpaka kwenye nywele, nikibonyeza tena unashuka kidevuni, kuondoka hauondoki. Nikaamini kanda ya dada imekufa. Karibu niitupe, Rehema! Fundi ndiye aliyeniokoa. Aliiweka kwenye deki yake, ikaonyesha vizuri kabisa, kisha akaniambia, "Dada, hii yako inasoma mwandiko wake mwenyewe tu."

Alimaanisha nini? Ndani ya deki kuna kigurudumu cha chuma kama kikombe kilichofunikwa, kipenyo chake milimita 62, na hedi zimepachikwa ukingoni mwake. Kwenye PAL, mfumo wa picha wa televisheni, kinazunguka mara 25 kwa sekunde, utepe ukiwa umekikumbatia kwa mshazari, na kila hedi ikipita inaacha mstari mmoja uliolala. Mstari huo, kwa mwendo wa kawaida, una upana wa mikroni 49, yaani haufikii unene wa nywele zako na zangu. Vipo vijiti viwili vidogo vinavyouongoza utepe upite kwa pembe inayotakiwa. Kimoja kikipanda au kikishuka kidogo tu, deki inaandika kwa kupinda, na kwa kuwa inasoma pia kwa kupinda vilevile, kanda iliyorekodi yenyewe itaonekana safi. Kanda ya mtu mwingine ndiyo inayofichua uongo. Muuzaji wangu alijua au hakujua, sijui, lakini mechi ile aliirekodi kwenye deki ileile.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Beba kanda mbili za kwako, na ile ya harusi ya wazazi wako, yenye marehemu baba, isiwe mojawapo, tafadhali. Ya kwanza iwe kanda usiyoihurumia hata ikiliwa. Iweke, iache icheze dakika kumi, irudishe nyuma mpaka mwanzo, ipeleke mbele, itoe, kisha fungua kile kifuniko cha mbele cha kanda uangalie utepe. Ukiona ukingo umekunjamana kama pindo la gauni lililoshonwa vibaya, aga uondoke. Ya pili iwe filamu ya kiwandani, ile iliyokuja na jalada lake, maana hiyo iliandikwa kwa vipimo sahihi. Deki isiyoweza kuisoma hiyo haina la kujitetea.

Ukipata na kanda ya tatu iliyorekodiwa kwa LP, yaani mwendo wa polepole, itakuwa bora zaidi, na hapa nina sababu. Uliniambia kanda ya harusi imeandikwa E-180 na inacheza karibu saa tano. E-180 inabeba saa 3 kwa mwendo wa kawaida. Basi mjomba aliponakili alibana utepe, akatumia LP, mwendo wa nusu, ambao unabeba saa 6. Kwa LP ile mistari inakuwa nusu ya upana, na kosa dogo la vijiti ambalo kwenye filamu ya kiwandani lingejificha, kwenye harusi ya wazazi wako litaonekana waziwazi.

Sasa hizo hedi sita. Nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo bei inapopandishwa. Deki ya hedi mbili hutumia hedi hizohizo kwa mwendo wa kawaida na wa polepole, kwa hiyo upana wake ni wa kusuluhisha tu. Ya hedi nne ina jozi ya kila mwendo, ndiyo maana LP yake huwa safi na picha ikisimamishwa hutulia. Hedi sita ni hizohizo nne za picha, ukajumlisha mbili za sauti ya Hi-Fi. Kwa macho, deki zako mbili zinalingana hesabu. Hakuna picha ya ziada unayoilipia pale.

Masikioni ndiko kuna tofauti, na sitaki kukudanganya upande huo. Sauti ya kawaida ya VHS iko kwenye ukingo wa utepe, na kwa LP utepe unatambaa polepole mno, kwa hiyo sauti hufifia kama mtu anazungumza kupitia blanketi. Sauti ya Hi-Fi huandikwa na hedi zinazozunguka, na hiyo ni safi ajabu. Kama mjomba alinakilia kwenye deki ya Hi-Fi, basi hotuba ya baba ipo humo ndani mara mbili, moja ya blanketi na moja safi, na deki ya hedi nne isiyo na Hi-Fi itakupa ya blanketi tu. Muulize mjomba alitumia mashine gani. Jibu lake lina uzito kuliko maneno yote ya muuzaji.

Ukiwa mbele ya picha, usiitazame yote kwa mpigo, maana ukitazama yote utapenda rangi na kusahau kilichokupeleka. Anzia juu. Kama sehemu ya juu ya picha inapinda upande mmoja kama bendera inayopepea, mvuto wa utepe hauko sawa. Televisheni za zamani zilivumilia, hizi bapa haziwezi. Shuka chini kabisa. Pale utaona ukanda mwembamba uliovurugika, wa mistari michache. Usishtuke, ndipo hedi moja inapomwachia mwenzake kazi, na kila deki ya VHS inao. Zamani ukingo wa televisheni ulikuwa unauficha. Ukiwa mnene na unarukaruka, hapo sasa kuna neno.

Kisha tafuta mahali ambapo cheupe kinakutana na cheusi. Kwenye harusi ingekuwa shela ya mama juu ya koti la baba. Hedi zilizochoka hushindwa kuruka ghafla kutoka gizani kwenda kwenye mwanga, kwa hiyo utaona vimistari vifupi vinachuruzika upande wa kulia wa cheupe, kama chaki iliyoburutwa kabla ya kufutwa. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza sasa hivi, hata kabla ya trekingi. Hedi chafu ni jambo jingine: picha ipo, lakini imefunikwa na chenga kote kama unaitazama kwenye mvua. Hiyo husafishika. Uchakavu hausafishiki.

Vile vimulimuli vyeupe vinavyopita kwa ghafla, rudisha nyuma utazame mara ya pili. Vikitokea palepale, ni utepe uliobanduka, deki haina kosa. Vikihamahama, ni deki.

Rangi nyekundu usiihukumu kwa ukali. Midomo ya bibi harusi ikimwagikia kidevuni kidogo, hiyo ni VHS yenyewe. JVC, kampuni ya Japani, waliitoa mwaka 1976 ikiwa na uwezo wa mistari 240 hivi ya upambanuzi wa mlalo, yaani undani unaoonekana kwa upana wa picha, na rangi waliibana zaidi sana, inapata mistari 40 hivi tu. Hata S-VHS, toleo lake lililoboreshwa, ilipokuja mwaka 1987 na mistari 400, iliboresha mwanga na giza. Rangi ilibaki palepale. Kwa hiyo mtu akikuuzia S-VHS kwa bei kubwa akidai itaipa kanda ya mjomba uhai mpya, mwambie kilichoandikwa kwa VHS kitasomwa kama VHS. Kanda haiwezi kutoa isichonacho.

Na ujihadhari na picha kali kupita kiasi. Deki nyingi zina kitufe au menyu ya kuongeza ukali, na muuzaji mjanja huisukuma mpaka mwisho. Tazama ukingo wa herufi kwenye majina ya mwanzo wa filamu. Ukiona kila herufi ina kivuli cheupe pembeni, kama imechorwa mara mbili, huo si uangavu, ni chumvi. Omba akirudishe katikati. Nashuku kile "kioo" chako kilitoka hapo, ingawa sikuwepo.

Uliza pia ametumia waya gani. Akiwa amepitishia kwenye waya wa antena, picha itakuwa dhaifu hata deki ikiwa njema, na utakuwa umeionea. Mwambie atumie nyaya za AV, ile ya njano kwa picha. Na kama televisheni yake ni ndogo ya kizamani wakati yako ni bapa pana, jiandae: kasoro uliyoiona ukubwa wa ukucha kwake, kwako itakuwa ukubwa wa kiganja.

Kuhusu thamani, nitakuwa mfupi. Deki mpya hazitengenezwi tena. Funai, kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuziunda, ilisimamisha mwishoni mwa Julai 2016. Hivyo kila deki unayoiona ni mzee, na vipuri vyake vinatolewa kwenye maiti za wenzake. Mikwaruzo ya bodi haina maana yoyote. Chenye maana ni mpira: ule mkanda wa kuzungushia, na kile kigurudumu cheusi kinachobana utepe. Mpira ukikauka unang'aa kama kiatu, unateleza, na deki inaanza kula kanda. Ukisikia inaguna wakati wa kurudisha nyuma, au inapunguza kasi ikikaribia mwanzo, toa bei ya fundi kwenye bei ya muuzaji kabla hujajibu. Kutokuwa na rimoti si bure pia, maana kwenye deki nyingine menyu haifunguki bila rimoti. Jaribu vitufe vyote vya mbele, hasa trekingi.

Jambo la mwisho kuhusu muuzaji. Akikuambia "nimeisafisha", muulize kwa nini na kwa kitu gani. Hedi hupanguswa kwa kipande cha karatasi safi au ngozi laini iliyoloweshwa spiriti kali isiyo na mafuta. Unakishikilia kikiwa kimetulia, unazungusha kigurudumu kwa mkono. Ukisugua juu na chini unaing'oa hedi. Pamba ya masikioni nayo hunasa. Akijibu kwamba alipuliza tu na kupiga pamba, nadhani deki ya mchubuko itakuwa imepata mteja.

Na kanda ya baba, kabla haijaingia popote, ifungue kifuniko uimulike kwa tochi. Ukiona unga mweupe juu ya mzunguko wa utepe, hiyo ni ukungu. Isiingie kwenye deki yoyote, utachafua hedi na utepe wote kwa mpigo. Nipigie kwanza. Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja ndani ya deki uliyoiamini, kisha uicheze ukiwa tayari umeunganisha kompyuta na unarekodi. Usiseme utaitazama kwanza halafu ndipo urekodi. Utepe wa umri ule unaweza kukubali mara moja tu, na ile sehemu anapocheka akiwa ameshika kisu cha keki, uliyonisimulia, iko karibu na mwanzo.

Mjomba ukimpata, niandikie alichosema kabla hujaenda. Mama mpe salamu zangu, usimwambie lolote mpaka kazi iishe.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi