Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo, Kaunti ya Nakuru: mbwa wa kazi msiwahesabu na wa kuzurura

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka huku Njoro, upande wa juu kabisa, pale shamba za viazi zinaishia na msitu wa Mau unaanza. Mimi nafuga mbwa. Si wale wa manyoya marefu wa kuuziwa watu wa mjini wakae kwa kochi, mimi nazalisha na kufundisha mbwa wa kunusa na kufuata, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na nimekaa chini kuandika kwa sababu wiki mbili zilizopita kwa baraza ya hapa kwetu mzee mmoja alisimama akasema mbwa wote wanaoonekana njiani wategewe nyama ya sumu, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nikarudi nyumbani nikafunga mbwa wangu wote na usiku huo sikulala.

Lakini wale watu nawaelewa mheshimiwa. Kuna mtoto aliumwa. Kichaa cha mbwa si maneno ya kuchezea, mtu akishaanza kuonyesha dalili huyo tunamhesabu amekwenda, na karibu binadamu wote wanaokufa na huo ugonjwa wameupata kwa mbwa. Mimi mwenyewe nikiskia mtu ameumwa cha kwanza nasema mkimbizeni kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano nzima mkiosha hicho kidonda, alafu hospitali siku hiyo hiyo, musingoje kesho.

Sasa sumu. Sumu haichagui. Mbwa anayekula nyama ya barabarani ni ule mwenye njaa, na hata yule amechanjwa anakula. Ukiua mia leo, pale jalalani chakula bado kiko, kwa hivyo baada ya miezi michache wengine wamehamia na wamezaa na hao wapya hakuna mmoja amedungwa. Madaktari wa mifugo wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakosa pa kupitia. Serikali yetu yenyewe iliandika mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kufikia 2030. Huo mpango unahitaji mbwa waliochanjwa wabaki hai, ndio maana nasema hii maneno ya sumu inaturudisha nyuma.

Ombi langu ni moja tu ingawa litachukua maneno mengi: mkitengeneza taratibu za mbwa kwa hii kaunti, mbwa wa kazi muwape daftari yao na masharti yao. Msituweke gunia moja na mbwa asiye na mwenyewe.

Mbwa wa huku hawakuanza jana. Majirani zetu Ogiek wa Nessuit na Mariashoni waliishi na huu msitu kabla ya shamba zetu, na waliwinda pimbi na nguruwe mwitu wakiwa na mbwa, mtu na mbwa wake wakijuana kama mtu na ndugu. Mimi si Ogiek, baba yangu alikuja hapa kulima, lakini yule mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mmoja wao na kila kitu najua kuhusu pua ya mbwa nilitoa kwake. Sheria naijua pia. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na ile sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi, na mimi sijawahi kupeleka mbwa kuwinda mnyama wa msitu na mtu akija kwangu kutafuta mbwa wa kazi hiyo namfungulia geti atoke. Kitu nataka uelewe ni kwamba ile akili ya mbwa wa kuwinda haikuisha siku sheria ilipitishwa. Iko kwa damu. Usipoipatia kazi halali, kuna mtu ataipatia ile haramu, na huku kando ya msitu tunajua waya za mitego zinaonekana aje.

Hata wakubwa wameshaona hii. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wako na mbwa wanaonusa pembe za ndovu na za kifaru uwanja wa ndege na bandarini Mombasa. Kule Maasai Mara kuna bloodhound, mbwa ambao Wazungu walizalisha kwa ajili ya kuwinda, leo wanafuata nyayo za majangili. Yaani mbwa ni ule ule, mwenye kubadilika ni ule anafuatwa.

Wacha nikwambie kuhusu Shaba. Ni jike wa kienyeji, nilimuita hivyo kwa rangi yake, mama yake alikuwa koko wa hapa na baba yake nusu shepadi. Mwaka juzi mwezi wa saba, saa kumi na moja asubuhi, jirani alinigongea, ng'ombe wake mmoja wa maziwa hayuko na kamba imekatwa. Niliuliza kitu kimoja tu, nani ameingia kwa boma? Kwa sababu watu wakishakanyaga kanyaga pale harufu inachanganyika na mbwa anapata shida. Bahati nzuri alikuwa amezuia watu. Nikamvalisha Shaba mkanda wa kifuani, ule wa kazi, anaujua, akivalishwa anaacha mchezo kabisa hata mkia unatulia. Nikampa anuse kipande cha kamba pale ilikatwa. Alizunguka mara mbili, pua chini, akasimama, akavuta. Tulipita shamba ya mahindi, tukashuka mtoni, akapoteza, akarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa akaenda juu kando ya maji kama mita sitini akaipata tena. Umande ulikuwa mzito na hakukuwa na upepo, hiyo ndio hali mzuri, harufu inalala kwa majani haipandi. Karibu kilomita tatu. Tukafika lami, akanusa ukingo wa barabara, akakaa chini, akaniangalia.

Wenye hawajui walisema mbwa ameshindwa. Hakushindwa. Alikuwa ananiambia hapa ndio walipanda gari. Na pale kwa tope kulikuwa na alama za tairi na kinyesi kibichi cha ng'ombe, tukaonyesha maafisa, wakapiga picha. Yule ng'ombe hakupatikana, sitakudanganya, lakini lile gari lilitambuliwa kwa zile alama na kwa miezi mingi baadaye upande wetu hakuna mtu aliibiwa. Mbwa wa kienyeji alifanya hivyo, mheshimiwa, mbwa ambaye kwa barabara ungempita usimtazame mara ya pili.

Na hapa kuna kitu kinaniuma sana. Tunawadharau hawa mbwa wetu wa kienyeji na wenzetu wamejengea jina kwa mbwa wa Afrika. Ule Rhodesian Ridgeback mwenye manyoya ya mgongo yanayolala kinyume, huo mgongo ni wa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, masetla wakamchanganya na mbwa wao, na 1922 kule Bulawayo wakakaa wakaandika mbwa wa aina hiyo awe aje. Leo anauzwa dunia nzima. Basenji ametoka Kongo, mbwa wa wawindaji, habweki kama wengine kwa hivyo wanamfunga njuga ya mbao shingoni wajue yuko wapi. Sisi hapa hakuna mtu ameandika hata ukurasa mmoja kuhusu mbwa wa Mau. Mbwa anayevumilia baridi ya huku na kupe wa huku na chakula cha huku.

Kufundisha si kupiga. Mtoto wa mbwa ana wiki chache tu za kuzoea dunia, kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka ya kumi na nne, hapo ndio namwonyesha ng'ombe, kuku, watoto, boda, trekta, mvua kwa mabati. Akipita hapo bila kuona hivyo vitu atakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndio huuma. Alafu naburuta ngozi ya mbuzi kwa majani hatua ishirini, mwisho naweka kipande cha ini. Kesho hatua arobaini. Baadaye naweka kona. Baadaye namtuma mtu atembee na mbwa aanze baada ya dakika kumi, baada ya nusu saa, baada ya masaa. Kamba ya mita kumi, na mimi nyuma nanyamaza, kwa sababu mwenye kujua pale ni yeye na nikivuta nimemharibia. Na kabla ya yote hayo anafundishwa kitu kimoja, akiona mbuzi wa jirani au paa ametoka msituni, asifukuze. Mbwa asiyeweza kuacha huyo simpatii mtu.

Kuzalisha nako ndio kumeoza. Jike anabeba mimba siku 63 tu, kwa hivyo mtu mwenye tamaa anampandisha kila akiingia joto mpaka jike anakwisha, na watoto wanauzwa kando ya barabara na wiki tano, hata kula vizuri hawajui. Mimi napandisha jike akiwa na miaka miwili na nampumzisha, na naangalia kazi ya mzazi, si rangi.

Na bado nilidanganywa. Nilinunua dume kwa mtu, sitamtaja, kadi ya chanjo iko na stika mbili na mhuri. Siku ya nne akaacha kula. Siku ya tano kuhara damu, ile harufu ya parvo, ugonjwa wa virusi unaokata matumbo ya mbwa, ukiinusa mara moja huisahau. Jike wangu alikuwa na watoto saba wa wiki sita. Walikwenda wote kwa siku nne, wa mwisho nilimshika kwa mkono nikimpa maji na sindano tone kwa tone saa nane usiku, mama yake amekaa mlangoni anatutazama. Ile kadi, daktari aliniambia, huenda hata dawa ilidungwa lakini ilikuwa imekaa nje ya friji, na chanjo ikipata joto ni maji tu. Na parvo inakaa kwa udongo mwaka mzima hata zaidi. Mwaka huo wote sikuzalisha.

Kwa hivyo nikisema masharti, simaanishi ya kutusaidia sisi tu, tubane pia. Mtu asiuze mtoto wa mbwa chini ya wiki nane. Kadi iandikwe jina la daktari na namba ya chupa ya chanjo ili mtu akidanganya ajulikane. Mbwa wa kazi awe na namba, awe amedungwa chanjo ya kichaa akiwa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na mwenyewe akikosa anyang'anywe hiyo namba. Na tafadhali leteni chanjo huku juu na mabokisi ya barafu. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, watu hujitokeza mjini, lakini mama wa huku hawezi kushuka na mbwa wanne kwa matatu, hakuna kondakta atambeba. Mkija mimi nitawashika mbwa wa kijiji kizima bila malipo, hata wale wakali, wananijua.

Na hiyo sumu isimamishwe kwanza tuongee.

Kama una nafasi, kuja siku yoyote kabla ya saa moja asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Tuma mtu wako atembee kwa shamba popote anataka, avuke mto kama anataka, ajifiche. Shaba amezeeka, mdomo umeanza kuwa mweupe, lakini bado anafuata, na binti yake wa miezi kumi atakuwa nyuma yake anajifunza.

Mimi wako,
Mfugaji wa mbwa, Njoro