Siyo kila mtoto aliyevimba mkono ameteguka

Mhariri, nina la kusema kuhusu hili neno "ameteguka". Mwanangu wa miaka 11 alidondoka na baiskeli akajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavimba, tukapiga eksirei tukaambiwa mfupa mzima, ameteguka tu, nendeni nyumbani. Bibi yake ashaandaa mafuta ya kumkanda. Lakini mi nikimgusa kwa ncha ya kidole juu kidogo ya kifundo, pale pale kwenye mfupa, mtoto anaruka, nikasema hapana, hii siyo ya kukanda, nikampeleka kwingine.

Daktari wa pili akapiga picha mikono yote miwili akazilinganisha. Karibu na ncha ya mfupa kuna kamstari keusi, mi nikadhani ndo ufa, kumbe ni gegedu ya ukuaji, yaani ile sehemu laini ambapo mfupa wa mtoto hurefukia, kila mtoto anayo, na upande wa maumivu kalikuwa kamepanuka kidogo tu. Akanieleza kuwa gegedu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo, kwa hiyo pale mtu mzima angeteguka, mtoto mara nyingi huvunjika.

Salter na Harris, madaktari wa Kanada, waliyapanga mavunjiko haya madaraja matano mwaka 1963. La kwanza, ambalo ndo la mwanangu, ufa unapita ndani ya gegedu yenyewe na picha inaweza kutoka safi kabisa. La pili ndo linatokea mara nyingi zaidi, linang'oa na kipande cha mfupa upande wa juu. La tatu na la nne yanaingia mpaka kwenye kiungo, na vipande vikihama mara nyingi ni upasuaji ili vikae sawasawa. La tano gegedu imepondwa, siku ya kwanza huoni kitu, unakuja kujua mfupa ukishapinda au kubaki mfupi. Na namba peke yake haitoshi, maana la pili kwenye paja karibu na goti nalo linaweza kusimamisha ukuaji.

Sasa madaktari wetu, naomba kwenye cheti mwandike daraja, na tarehe ya kurudi hata plasta ikishatoka, sababu mfupa unaweza kuunga vizuri halafu ukagoma kurefuka, na hilo linaonekana baada ya miezi. Wa kwangu plasta ilitoka baada ya wiki 4, mkono hauumi, ila picha ya kutimiza miezi sita bado tunaisubiri.

Mzazi, msomaji wenu