Mtoto akitimiza miezi sita, mtuambie na habari ya maji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi nauza unga wa lishe hapa Morogoro, nasagisha na kufunga mwenyewe, wateja wangu karibu wote ni mama wa watoto wadogo au bibi zao, na ukiuza unga huu unajikuta unasikia mambo yote ya kliniki bila kuwa nesi, mtu kaja kununua kilo moja anasimama nusu saa anasimulia mtoto kafanyaje. Lalamiko namba moja, kuliko hata la mtoto kukataa kula, ni choo. "Mama unga wako umemfunga mtoto." Leo siku ya tatu hajaenda, akienda analia mpaka majirani wanatoka nje, na kinachotoka ni vigololi kama vya mbuzi.

Huwa nauliza kitu kimoja, maji anakunywa? Jibu ni lilelile, aah si tulikatazwa kliniki.

Ni kweli walikatazwa na ilikuwa haki. Mtoto anayenyonya akiwa chini ya miezi sita hahitaji maji hata tone, hata kwa joto la huku la Januari, maana maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, akisikia kiu ananyonya zaidi, yameisha. Ukimpa maji unamjaza tumbo bila kumlisha, na kama hayajachemshwa ndo kuhara kunaanzia hapo. Manesi wamelipigia kelele hili miaka mingi na watu wamelishika, hongera zao kwa kweli. Shida yangu ni kwamba maelezo yanakatikia hapohapo. Mama anaambiwa mtoto katimiza miezi sita mwanzishie uji, basi, habari ya maji haifunguliwi tena, yeye anaendelea na lile katazo mpaka mtoto anafika miezi tisa, kumi, anakula uji mzito wa mahindi na karanga na soya kutwa mara tatu na maji anayaonaga tu siku ya kunyweshwa dawa. Choo kitalainika kwa kitu gani?

Akishaanza kula, na maji yaanze. Sio mengi. Mpaka afike mwaka, kama mili 120 mpaka 240 kwa siku nzima zinamtosha, yaani nusu kikombe mpaka kikombe kimoja, na maziwa ya mama yanaendelea kama kawaida kwa sababu bado ndo chakula chake kikubwa. Yachemshwe yapoe, yatiwe kwenye kikombe kidogo cha wazi, sio kwenye chupa ya chuchu ambayo kuisafisha ni kazi. Mpe funda mbili tatu kila akila, na akichezacheza mpe tena. Wapo wanaotema, ni kawaida, usimkabe wala usimshike pua jamani (haya yapo, nimeyaona kwa macho). Kunywa na wewe mbele yake, mtoto wa miezi minane anataka kila kilichopo mkononi mwako, ukikiacha kikombe karibu atakivuta mwenyewe. Akiwa bado hataki, mpitishie kwenye chakula, papai, tikiti, chungwa lililotolewa mbegu na ngozi, mchuzi wa mboga. Ila usiweke sukari ili ayapende, na chai ya rangi achana nayo kabisa, inazuia mwili usichukue madini ya chuma, na soda siongelei hata.

Sasa kuna wale ukiwaambia mtoto anahitaji maji wanaenda kuongeza maji kwenye uji mpaka unatiririka. Hapana. Uji mwepesi unajaza tumbo na nguvu haupo, uji wa mtoto unatakiwa ukae kwenye kijiko. Maji yaje pembeni.

Na kwenye unga niseme ukweli japo ndo biashara yangu. Wateja wanataka unga mweupe, nikiwawekea dona wanasema mchafu, nikiweka ulezi wanauliza mbona rangi hii. Hiyo sembe na huo mchele mliokoboa mpaka ukang'aa ndo mmetoa makapi yanayosaidia choo kutembea, halafu mnarudi kuniuliza mimi. Halafu kuna huu mtindo wa kuchanganya nafaka saba, tisa, sijui kumi na mbili, mtu anakuja na orodha kwenye simu, mtoto akifungwa au akiharisha utajua kimemkataa kipi? Nafaka moja au mbili na jamii ya kunde kidogo inatosha, hela iliyobaki nunua matunda na mchicha. Kuna mama ana mpapai nyuma ya nyumba unaangusha mapapai yanaliwa na ndege, mtoto wake kafungwa wiki nzima na hapewi eti litamuharisha! Papai, embe, parachichi, maharage yaliyopondwa vizuri, mchicha, vyote hivi ni dawa ya choo kigumu kwa aliyeshaanza kula na vipo bei ya kawaida.

Chini ya miezi sita ni habari nyingine. Mtoto anayenyonya tu, akishavuka mwezi na nusu hivi, anaweza kukaa siku kadhaa hata wiki bila choo na akawa mzima, maana maziwa ya mama mwili unayatumia karibu yote. Usihesabu siku, angalia choo chenyewe. Kama ni laini na anacheza na kukojoa vizuri, nepi sita au zaidi kwa siku na mkojo sio wa njano iliyokoza, mwache, hata kama anajikunja na kuwa mwekundu wakati wa kusukuma, anajifunza kazi. Ila mchanga wa wiki za kwanza asiyepata choo mpeleke akaangaliwe, inawezekana maziwa hayamtoshi.

Kwa wa maziwa ya kopo tatizo mara nyingi liko kwenye kukoroga. Likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2004 ni siku 84, kwa hiyo mama anarudi kazini mtoto hajafika hata miezi mitatu, na zile saa mbili kwa siku ambazo sheria hiyohiyo inampa za kwenda kunyonyesha wengi hawazijui au wanaogopa kuziomba. Mtoto anabaki na dada, dada anaongeza kijiko cha unga wa maziwa ili bebi ashibe alale, na hapo choo kinakauka. Maji yanapimwa kwanza ndo unga unafuata, kijiko ni kilichomo kwenye kopo na kinasawazishwa juu. Usizidishe, wala usipunguze ili kopo lifike mwisho wa mwezi.

Nilichotaka kukemea zaidi ni sabuni. Hadi leo watu wanachonga kipande cha sabuni wanamwingiza mtoto haja kubwa, wengine wanapiga bomba la maji ya sabuni, wengine wananywesha mafuta ya nyonyo, eti mtoto ana mchango tumboni. Sabuni inaunguza ule utando laini, kesho yake mtoto anaogopa kusukuma kwa maumivu, anazuia, choo kinazidi kuwa kigumu, na nyie mnachonga kipande kingine. Asali nayo marufuku kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli ya mtoto, na dalili yake ya mwanzo ni hukohuko kufunga choo. Mwogeshe maji ya uvuguvugu, msugue tumbo taratibu kwa kuzungusha mkono kufuata mshale wa saa, mlaze chali umchezeshe miguu kama anaendesha baiskeli. Ikishindikana nenda kituo cha afya, dawa za kulainisha choo kwa watoto zipo, atakupimia dokta, sio jirani.

Na usisubiri chochote, mpeleke hospitali kama tumbo limevimba na kukaza, anatapika rangi ya kijani, choo kina damu, ana homa, hanyonyi, utosi umebonyea, analia machozi hayatoki au nepi inakaa kavu masaa mengi. Mtoto ambaye tangu azaliwe siku mbili zimepita hajatoa kile choo cheusi cha kwanza naye arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Ombi langu kwenu gazeti. Kila mwaka wiki ya unyonyeshaji, Agosti mosi mpaka saba, mnaandika vizuri sana kuhusu miezi sita ya mwanzo. Mwaka huu tupeni na ukurasa wa mwezi wa sita mpaka wa kumi na mbili, mtafuteni afisa lishe aeleze maji kiasi gani, kwa kikombe kipi, matunda gani, na muweke picha ya kikombe chenyewe chenye alama ya kipimo ili hata bibi asiyesoma aelewe. Mkiutoa nitaukata niubandike pale kwenye mashine ya kusaga.

Mama Unga,
Morogoro