Barua kwa somo: simu hufika mara mbili

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, pamoja na wote ulio nao hapo nyumbani. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia na swali lako nimelielewa. Simu mpya ya daraja la juu imeshatangazwa, duka la kampuni yako ya simu huko Marekani, ule mtandao wa kulipia kabla, halijaiweka kabatini, nawe hujui usubiri au ukainunue kwingine uje nayo. Nitakujibu kwa urefu, maana pesa yenyewe si ya kuchezea.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Simu hufika kwenye mtandao mara mbili. Kwanza inafika minarani: mtandao unaitambua, unairuhusu kupiga na kupokea, data inapita. Kisha, siku nyingine kabisa, inafika dukani na bei yake na ofa yake. Wewe unasubiri ile ya pili, ilhali inayokuhusu zaidi ni ya kwanza. Mitandao ya bei nafuu huko Marekani mingi hutumia minara ya kampuni kubwa za simu. Cricket ni ya AT&T, Metro ni ya T-Mobile, Visible na Straight Talk ni za Verizon. Simu mpya ikishakubalika kwa mkubwa, mnara ni ule ule. Kinachochelewa ni biashara.

Na biashara ina sababu zake. Tazama mwaka 2012. iPhone 4S ilikuwa sokoni tangu Oktoba 2011, lakini wateja wa kulipia kabla walikaa hadi tarehe 22 Juni 2012, Cricket ilipoanza kuiuza, ikiwa ya kwanza miongoni mwa kampuni za aina hiyo Marekani. Ili kuipata, kampuni mama ya Cricket wakati huo, Leap Wireless, ilijifunga kwa Apple kununua simu za takriban dola milioni 900 ndani ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, ilikuwa inaelekea kununua kama nusu tu ya ilichoahidi kwa mwaka huo. Mteja wa kulipia kabla hafungwi na mkataba; leo yupo, kesho amehama. Kampuni ikibeba sehemu ya bei ya simu yake, haina uhakika wa kuirudisha. Ndiyo maana duka la bei nafuu hujaza kabati simu za kawaida kwanza, ile kubwa ikaja baadaye, wakati mwingine isije kabisa.

Tukiwa bado hapo, tupige hesabu, kwa sababu watu wengi huangalia bei ya kabatini wakasahau ya kila mwezi. Cricket iliuza iPhone 4S ya GB 16 kwa dola 499.99, na kifurushi kilikuwa dola 55 kwa mwezi. Wiki moja baadaye, tarehe 29 Juni, Virgin Mobile ya Marekani ikaleta simu hiyo hiyo kwa dola 649.99, ila kifurushi cha chini kilikuwa dola 30 kwa aliyekubali kukatwa moja kwa moja kila mwezi. Kwa miezi 24, ya Cricket inakuwa dola 1,819.99 na ya Virgin 1,369.99. Simu iliyoonekana nafuu kwa dola 150 ikageuka ghali kwa dola 450. Nikiri kwamba kile cha dola 30 kilikuwa na dakika 300 tu za kupiga, na cha Cricket hakikuwa na kikomo cha dakika, kwa hiyo anayeongea sana angeamua vingine. Lakini hesabu ya namna hiyo uifanye kila mara: bei ya simu, jumlisha kifurushi mara 24, jumlisha kodi na ada ya kuwasha laini. Usiikubali ofa yoyote kabla hujaiandika hivyo kwenye karatasi.

Sasa tuje minarani, ambako ndiko kwenye kazi.

Piga *#06# kwenye simu unayotaka kununua, au mwombe muuzaji akupigie. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Tarakimu nane za mwanzo zinataja aina ya simu, na hizo ndizo mtandao unazozitazama kuamua kama simu inaruhusiwa. Simu zenye laini mbili zitaonyesha IMEI mbili, andika zote. Nenda kwenye tovuti ya mtandao wako, sehemu ya kuleta simu yako mwenyewe, uingize namba hiyo. Simu ikiwa imetoka juzi tu, inaweza kukataliwa kwa kuwa orodha bado haijasasishwa. Jaribu tena baada ya siku chache kabla ya kukata tamaa. Lakini usilipe huku jibu likiwa bado ni hapana kwa sababu tu muuzaji kakuhakikishia.

Orodha hii ina uzito kuliko zamani. AT&T walizima 3G Februari 2022, T-Mobile wakafuata mwaka huo huo, Verizon wakamaliza mwisho wa mwaka. Tangu hapo sauti inapita juu ya 4G, kwa njia wanayoiita VoLTE, na simu isiyoruhusiwa kwa njia hiyo haina pa kurudi. Utaona kitu cha kushangaza: intaneti inakwenda vizuri, ujumbe unafika, lakini ukipiga simu inakatika papo hapo. Hilo si tatizo la laini wala la salio. Ukitaka kuhakikisha, piga namba yoyote huku ukiangalia juu ya skrini. Alama ya 4G au 5G ibaki pale muda wote wa mazungumzo.

Baada ya ruhusa kuna masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo simu na mnara huongea kwayo. Cricket ya 2012 inafundisha hapa pia: iPhone 4S haikuuzwa katika miji yake yote, kwa kuwa katika baadhi ya miji mtandao ulitegemea masafa ya megahezi 1700, na simu ile haikuwa na uwezo wa kuyasikia. Siku hizi simu za juu zinazouzwa rasmi Marekani hubeba karibu kila kinachohitajika, ila zile zilizoagizwa kutoka nje ndizo za kuangaliwa. Kwenye mtandao unaotumia minara ya T-Mobile, tafuta bendi (mafungu ya masafa; yenye herufi n ni ya 5G) 71 na n71 za megahezi 600, zinazofika mbali na kupenya kuta, pamoja na n41 yenye kasi. Kwa Verizon, bendi 13 ni ya lazima, na n77 ndiyo 5G ya kasi, ambayo wao na AT&T waliiwasha Januari 2022. Simu isiyo na bendi ya masafa ya chini, ile inayopenya kuta, itakuwa hodari barabarani na bubu jikoni.

Kwa Samsung, herufi ya mwisho ya namba ya modeli inakuambia mengi. Chukua Galaxy S24: SM-S921U ni ya mitandao ya Marekani, SM-S921U1 ni ile inayouzwa huko bila kufungwa kwenye mtandao mmoja, SM-S921B ni ya nchi nyingine nyingi. Wewe chukua U1. Hiyo B mara nyingi huwa nafuu kidogo, lakini mipangilio ya mtandao wako inaweza isiwemo ndani yake, na hapo kupiga simu kwa Wi-Fi ndiko kunakokwama kwanza. Sioni kama akiba hiyo inafaa usumbufu wake.

Kufuli nalo. Simu inayouzwa kwa bei ya chini dukani kwa mtandao wa kulipia kabla kwa kawaida imefungwa kwenye mtandao huo. Kanuni ambayo kampuni kubwa za Marekani zimejiwekea kupitia chama chao, CTIA, inasema simu ya kulipia kabla ifunguliwe si zaidi ya mwaka mmoja tangu iwashwe, kwa masharti ya matumizi ambayo kila kampuni inaweka. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2014 ilihalalisha mteja kufungua simu yake, lakini haikumlazimisha mtu akuuzie iliyo wazi. Ukipewa iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, kisha kuhusu simu. Mstari wa kufuli la mtandao useme hakuna vizuizi vya laini. Kwenye nyingine, chomeka laini ya mtandao tofauti uone kama itasoma. Na kama imeshatumiwa na mtu mwingine, si mpya, hakikisha haidaiwi. Simu ya mkopo inaweza kufanya kazi leo, aliyeikopa akaacha kulipa, ikafungiwa miezi miwili baadaye ikiwa mkononi mwako. CTIA wana huduma ya bure ya kuangalia IMEI zilizoripotiwa kuibwa au kupotea, lakini haionyeshi deni la simu. Risiti ya kumalizia deni ndiyo ushahidi.

iPhone zinazouzwa Marekani tangu ile ya 14, Septemba 2022, hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini ya kielektroniki iliyo ndani ya simu, kwa hiyo ile laini yako ya plastiki haitakusaidia, na mtandao wako lazima uwe unatoa eSIM. Siku ya kuhamia simu mpya, fanya mambo kwa mpangilio huu. Uwe kwenye Wi-Fi imara, maana simu mpya haina data bado. Simu ya zamani iwe hai na karibu, kwa sababu namba za siri za kuthibitisha zitakuja kwake. Usifute eSIM ya zamani kwa kudhani unatengeneza nafasi. Ile picha ya mraba ya kuskani (QR) unayopewa ya kuingizia eSIM mara nyingi hutumika mara moja tu, na ukiifuta itabidi upigie huduma kwa wateja kuomba nyingine. Ingiza mpya, subiri jina la mtandao litokee, zima simu na kuiwasha, piga, pokea, ndipo uizime ya zamani.

Ukiamua kubadilisha mtandao kabisa na kubaki na namba yako, usikatishe huduma ya zamani kwanza. Namba iliyokatwa haihamishiki kirahisi. Omba namba ya akaunti na PIN ya kuhamisha. Namba ya akaunti mara nyingi si namba yako ya simu, na hapo ndipo maombi mengi hugonga mwamba. Kwa kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, uhamisho wa kawaida usizidi siku moja ya kazi. Salio lililobaki kwenye kifurushi cha zamani halikufuati, basi hama siku mbili tatu kabla hakijaisha. Kama kuna ofa ya simu kwa wanaohamisha namba, soma namba inatakiwa kutoka wapi; mitandao ya kampuni moja, kama kutoka T-Mobile kwenda Metro, mara nyingi huachwa nje.

Simu ikishawaka, jaribu kila kitu kabla muda wa kuirudisha haujapita. Tuma ujumbe wenye picha ukiwa umezima Wi-Fi: ukikwama wakati intaneti inakwenda, kasoro iko kwenye mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha simu na data ya mtandao, kwenye mistari ya ujumbe wa picha, na mtandao wako una maandishi yake ya kunakili herufi kwa herufi. Washa kupiga kwa Wi-Fi na ujaze anwani ya dharura. Wengi huiruka hatua hiyo, kisha wanashangaa kitufe hakikubali kuwaka. Usipige 911, namba ya dharura ya huko, kwa majaribio.

Kuna kitu ambacho simu hiyo haitakununulia, na hili nataka ulisikie kabla hujatoa pesa. Mteja wa kifurushi cha bei nafuu mara nyingi huwekwa nyuma ya foleni mnara ukizidiwa. Utaona baa zote za mtandao zimejaa, ukurasa hauji. Baa zinapima nguvu ya mawimbi, hazipimi foleni. Pima kasi ukiwa na simu yako ya sasa, mahali pamoja, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kama asubuhi unapata megabiti 90 kwa sekunde na jioni 2, simu mpya itapata takriban hiyo hiyo jioni. Cha kubadilisha hapo ni kifurushi. Vifurushi vingi vya chini pia hubana video hadi ubora wa chini wa 480p, na kwenye skrini nzuri ya simu ghali ukungu ule unaonekana kwenye kila sura na kila maandishi.

Kwa hiyo mimi kwa hali yako naona hivi. Kama unayo pesa yote mkononi, IMEI imekubaliwa, na jioni kasi yako inaridhisha, nunua iliyo wazi kutoka kwa mtengenezaji usisubiri kabati la mtu. Kama unategemea ofa ya duka, subiri, lakini weka kikomo: Samsung hutangaza Galaxy S mpya kati ya Januari na Februari miaka ya karibuni, Apple hutoa zake Septemba, na toleo la mwaka uliotangulia hushuka bei hapo hapo. Hilo la mwaka uliotangulia limeshafika minarani siku nyingi, kasoro zake zinajulikana, nami ningelichukua bila wasiwasi.

Ukishajaribu IMEI, nitumie jibu ulilopewa na kipimo cha jioni, nikuangalizie. Ile picha ya mraba ya eSIM usinitumie, wala usimtumie mtu mwingine yeyote.

Wasalimie wote.

Ni mimi, somo yako