Mhariri, rudini kwenye miradi ya umeme wa jamii mwaka wa tano

Mhariri,

Nawasoma siku nyingi na leo nawaomba mnivumilie manake nina mengi. Kila mradi wa umeme wa jua au upepo unaomilikiwa na wanajamii ukizinduliwa nyie mnakuwepo, picha ya utepe, picha ya taa imewaka, watoto wanashangilia, alafu ndo basi, hamuonekani tena. Ombi langu ni moja, rudini mwaka wa tano. Hapo ndo mtajua kama mradi ulikuwa wa watu kweli au wa watu kwa jina.

Nasema wa tano kwa sababu ya betri. Paneli ukiitunza inafika miaka 25 na kuendelea, inataka kufutwa vumbi tu. Inveta nayo, kile kifaa cha kubadili umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inaweza kukaa miaka kumi hivi. Ila zile betri za asidi ambazo miradi mingi midogo ilianza nazo, ukizitumia kila usiku zinachoka baada ya miaka mitatu, minne, mitano, na zikiachwa ziishe chaji kabisa kila mara zinakufa hata kabla ya hapo. Za lithiamu zinadumu zaidi lakini nazo zina siku yake. Yaani kitu kinachowahi kufa ndo kimoja kati ya vile vya bei mbaya.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo. Nakumbuka asubuhi fundi alipofungua chumba cha betri, harufu kama ya yai viza ikatupokea mlangoni, vichwa vya betri vimeota unga wa kijani mpaka waya hauonekani, na kwenye nyingi maji yameshuka hadi sahani za ndani ziko wazi. Fundi akaweka mita betri ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakusema neno, akaanza kukusanya vifaa vyake. Jioni tukaitana kikao na mama mmoja mtu mzima akasimama akauliza, "Mweka hazina, baba, hela ya kununua betri iko wapi?" Nikafungua daftari. Haikuwepo. Wala hakuna aliyeiba, hatukuwahi kuitoza. Mtambo tulipewa bure, na sisi tukapanga ada ndogo kabisa ili kila mtu aridhike, ada ya kumlipa mlinzi na kununua fyuzi, hatukuweka pembeni hata kidogo kwa ajili ya siku ile. Tulikaa giza miezi saba, na jua linawaka kila siku juu ya paneli nzima ambazo hazina kosa lolote.

Ndo maana nikisikia mtaalamu anasema changamoto ya umeme wa jamii ni teknolojia huwa naumia. Teknolojia ipo, na bei ya paneli imeshuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, nafasi kama hii babu zetu hawakuipata. Kinachotuangusha ni kwamba tunapewa mashine lakini hatupewi umiliki, na umiliki ni kitu cha kuandikwa, nani ana hisa, nani ana kura, nani anashika akiba, nani anaamka usiku ikizima.

Angalieni kisiwa cha Eigg kule Scotland. Kina watu kama mia moja tu, na wakazi walikinunua kisiwa chenyewe mwaka 1997, alafu Februari 2008 wakawasha gridi yao ya umeme wa maji, upepo na jua kwa pamoja. Kilichonigusa zaidi ya mitambo ni sheria yao, kila nyumba mwisho kilowati 5, biashara mwisho kilowati 10, ukizidisha umeme wako unakatika na unalipa ndo urudishiwe. Hakuna cha mkubwa wala mdogo. Na mafundi wanaoitunza ni wakazi wenyewe wa pale, walifundishwa. Sisi kikundi chetu mtu mmoja akiwasha pasi na mwingine mashine ya kuchomelea wote tunazimika, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia acha, kwa sababu hatukuwa tumekubaliana chochote kwa maandishi.

Na msidhani umiliki wa watu ni kwa vitu vidogo tu. Nje ya bandari ya Copenhagen, Denmark, ilijengwa mitambo 20 ya upepo baharini inaitwa Middelgrunden, megawati 40, ilianza kazi miaka ya 2000 na 2001, na nusu yake ikawa ya ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000 walionunua hisa. Ujerumani nako watu wa mji mdogo wa Schönau walishtushwa na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986, wakahangaika miaka, kura ya maoni mara mbili, mpaka 1997 wakaichukua gridi ya mji wao mikononi mwao. Miaka kumi na moja! Hii habari ya uvumilivu watu hawaambiwi siku ya uzinduzi.

Lakini Ujerumani hiyohiyo inafundisha kitu kingine, na hapa naomba watunga sera wasome vizuri. Mwanzo sheria yao ya mwaka 2000 ilihakikishia wazalishaji wa umeme wa jua, upepo na kadhalika bei maalumu na nafasi ya kuingiza umeme kwenye gridi, ndo vyama vya wananchi vikaota kama uyoga. Baadaye wakahamia kwenye minada, anayekubali bei ya chini ndo anapata mradi, na wakawapa vikundi vya wananchi masharti nafuu. Mnada wa kwanza wa upepo wa nchi kavu, 2017, zaidi ya asilimia 90 ya ushindi ukaenda kwa "makampuni ya wananchi", na ikaja kuonekana nyuma ya mengi kulikuwa na wafanyabiashara wakubwa wamevaa jina la wananchi. Kwa hiyo neno jamii likishakuwa na faida ndani yake litavaliwa na kila mtu, na sheria isiposema wazi kura ni za nani wenye jina watakuwa sisi na wenye mradi wengine. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ndo wakaandika kwenye sheria yao kwamba jumuiya ya nishati jadidifu lazima itawaliwe na wanachama wanaokaa karibu na mradi. Hilo likopiwe popote.

Kuna shida nyingine haisemwi sana. Kikundi kimejenga, kimekopa, mwaka wa nne gridi kubwa inafika na bei ya chini, wateja wote wanahama, mkopo unabaki. Nepal, yenye mitambo mingi midogo ya umeme wa maji ya vijijini, imeliona hilo, mingine iliachwa tu ikaoza, mpaka 2018 ndo mtambo mmoja wa kilowati 23 ukaunganishwa uuze umeme wake kwenye gridi ya taifa badala ya kufa. Tanzania nayo ilianza mwaka 2008 utaratibu wa mkataba ulioandikwa tayari, mmoja kwa wote, kwa wazalishaji wadogo wauze kwenye gridi, jambo zuri sana, manake kikundi cha watu sitini hakina mwanasheria wa kwenda kubishana kifungu kwa kifungu na shirika la umeme.

Benki nazo zinataka dhamana ya nyumba kwa mradi ambao dhamana yake ni mita zinazolipiwa kila mwezi, na hela ngumu kuliko zote ni ile ya mwanzo kabisa, ya upimaji na leseni, kabla hata nguzo moja haijasimama. Hapo ndo mfadhili angefaa, akae kwenye hatua hiyo, mashine tununue wenyewe kwa hisa.

Kikundi chetu kimewaka tena. Tuliuza hisa, tukapandisha ada baada ya ugomvi mkubwa (wapo walioacha kusalimiana), na sehemu ya kila yuniti inaingia akaunti ya betri ambayo haifunguliwi bila sahihi tatu, ya yule mama aliyeuliza hela iko wapi ikiwa mojawapo. Mchana jua likizidi mashine ya kusaga na pampu ndo zinafanya kazi, usiku taa na simu. Zamu ya kukagua betri ni kila Jumamosi asubuhi. Mwandishi wenu akija aombe kwanza daftari, ataoneshwa.

Msomaji wenu