Wauzaji wa Ford ya 1932 waseme ukweli kuhusu bodi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase Waswahili wenzangu tulioko Marekani tunaopenda hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyopunguzwa uzito na kuundwa upya kwa ajili ya kasi. Linalotamaniwa sana ni Ford ya wazi ya 1932, mwaka ambao kampuni hiyo ilileta injini ya V8 yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ya mwananchi wa kawaida, na vijana wa California wakaishindanisha kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage.

Nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo zina bodi mpya ya faiba, na wapo wauzaji wanaolinyamazia jambo hilo. Faiba si aibu, na fundi hodari huipendezesha mno, lakini haistahili bei ya chuma cha asili. Kabla ya kulipa, funga sumaku ndogo kwa kitambaa laini uipitishe mlangoni. Pasipo chuma haitanasa. Bodi za chuma nazo hutengenezwa upya siku hizi, kwa hiyo mwite fundi anayezijua, kisha linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya hati ya umiliki, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Msomaji wenu,
Los Angeles, Marekani